Lehemu ya Damu na Moyo wa Kijana

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Mbeya, huingia wilaya ya Mbozi na hatimaye hufika Tunduma, mpakani. Katika wilaya hiyo ya Mbozi, mkoani Songwe, ndimo ilimo kata ya Ruanda. Hii ni nchi ya mahindi, maharage na kahawa. Kwa muda mrefu mkulima wa nyanda hizi aliishi kwa jembe na kwa miguu yake: shambani kwa miguu, sokoni kwa miguu, kanisani kwa miguu. Chakula chake kilikuwa ugali, maharage na mboga za majani, na nyama siku moja moja. Ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya moyo ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa watu wa mbali, tena wazee, tena matajiri.

Chukua mfano wa kufikirika wa ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja huko Ruanda. Mkubwa, mwenye miaka 26, amebaki akilima shamba la baba yao. Mdogo, mwenye miaka 22, amekwenda Tunduma kutafuta riziki miongoni mwa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Hushinda ameketi, hula chipsi na mayai mchana, nyama ya kukaanga jioni, na hunywa soda katikati. Wote wawili ni wazima. Hakuna anayeumwa kifua, na hakuna anayetweta akipanda mlima. Je, mioyo yao inakwenda njia moja? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kuwatazama usoni. Sehemu ya jibu imo katika damu yao.

Mafuta hayachanganyiki na maji

Miongoni mwa mafuta yaliyomo katika damu kuna lehemu, ambayo watu wengi huiita kolesteroli. Mafundi wa bati nao wanalo neno hilo la lehemu, kwa maana ya risasi ya kuungia mabati. Lehemu ya mwilini si sumu. Kila seli ya mwili huitumia katika ukuta wake. Mwili huitumia pia kutengenezea nyongo, vitamini D na homoni za uzazi. Ini hutengeneza sehemu kubwa ya lehemu inayohitajika, na nyingine huingia kwa chakula kitokacho kwa wanyama. Mafuta mengine yaliyomo katika damu ni trigliseridi, ambayo ndiyo akiba ya nishati, na huongezeka mtu anapokula kupita mahitaji yake, hasa sukari nyingi na pombe.

Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na kila mpishi anajua kwamba mafuta hayachanganyiki na maji. Kwa sababu hiyo mwili huyafunga mafuta ndani ya vifurushi vidogo sana vyenye ganda la protini, viitwavyo lipoprotini. Mtu aliyewahi kuona foleni ya malori Tunduma atafahamu upesi. Shehena haitembei yenyewe, hupakiwa. Lipoprotini za uzito mdogo, ambazo maabara huziandika kwa herufi LDL, huchukua lehemu kutoka kwenye ini na kuisambaza mwilini. Lipoprotini za uzito mkubwa, yaani HDL, hukusanya lehemu iliyozidi na kuirudisha kwenye ini.

Lori la LDL lisipopokewa mahali pake huendelea kuzunguka barabarani. Wanasayansi wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba seli zina vipokezi maalumu vya kulivuta lori hilo ndani na kulishusha shehena. Ini lenye vipokezi vingi huisafisha damu upesi. Lenye vipokezi vichache huacha foleni irefuke. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1985.

Kila lipoprotini ya aina ya LDL ina protini moja tu iitwayo apolipoprotini B, mithili ya lori lenye namba moja ya usajili. Kwa hiyo anayehesabu protini hizo huwa amehesabu malori yenyewe, wala si shehena peke yake. Kinachoharibu ukuta wa mshipa ni wingi wa malori yanayougonga na kuupenya, mwaka baada ya mwaka.

Ugonjwa unaoanza kimya

Mwaka 1913 Nikolai Anitschkow, mtaalamu wa Urusi, alieleza jinsi sungura waliolishwa lehemu walivyopata utando wa mafuta katika mishipa yao mikubwa. Sungura ni mla majani, na binadamu si sungura. Hata hivyo jaribio hilo lilifungua njia. Leo hatua za ugonjwa zinafahamika vizuri. LDL hupenya chini ya utando wa ndani wa ateri na kunasa humo. Hapo hubadilika kikemikali, na chembe nyeupe za damu huja kuimeza kana kwamba ni adui. Chembe hizo hushiba mafuta hadi zikafanana na povu, zikafa, na kuacha lundo la lehemu. Mwili hulifunika lundo hilo kwa kovu. Kovu likipasuka ghafla, damu huganda juu yake, mshipa huziba, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa kwa kukosa oksijeni.

Kupasuka huko huchukua dakika chache. Kujengeka kwa lundo huchukua miongo. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani, William Enos na wenzake, walichapisha uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Hata hivyo katika asilimia 77 ya mioyo hiyo dalili za ugonjwa wa ateri zilionekana kwa macho, kuanzia unene mdogo wa ukuta hadi kuziba kabisa. Vijana hao walikuwa wamepimwa na kuonekana wanafaa kwenda vitani. Tangu hapo imekuwa vigumu kusema kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo huanza uzeeni. Uzeeni ndiko unakoonekana; ujanani ndiko unakoanza.

Ushahidi wa Afrika ya Mashariki

Je, hayo yanamhusu kijana wa Ruanda? Nchi za Afrika ya Mashariki zimechangia sana katika kulijibu swali hili. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha uchunguzi uliofanywa Kampala. Waafrika wa Uganda walikuwa na lehemu ndogo katika damu, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwao. Waasia waliokuwa wakiishi katika mji huo huo walikuwa na lehemu nyingi zaidi, na ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida kwao. Jua lilikuwa lile lile na hewa ile ile; chakula na maisha ndivyo vilivyotofautiana.

Mwaka 1964 George Mann na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa Wamaasai wa Tanganyika, ambao chakula chao kikuu kilikuwa maziwa na nyama. Kwa jinsi ilivyofikiriwa wakati huo, Wamaasai walipaswa kuwa na lehemu nyingi na mioyo mibovu. Haikuwa hivyo: lehemu yao ilikuwa ndogo, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa nadra mno. Mwaka 1972 kundi hilo hilo la watafiti lilieleza uchunguzi wa miili ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Kuta za ateri zao zilikuwa na mafuta, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu iliendelea kupita. Mann aliamini kwamba mwendo wao mrefu wa kila siku ndio uliowapanua mishipa.

Uchunguzi wa baadaye uliipa nguvu hoja ya mwendo. Mwaka 2010 Julia Mbalilaki na wenzake walichapisha ulinganisho wa Watanzania 985: Wamaasai, Wabantu wa vijijini na Wabantu wa mjini. Wamaasai walitumia nishati ya takriban kilokalori 2,565 kwa siku kuzidi mahitaji ya mwili uliopumzika. Wabantu wa vijijini kilokalori 1,500. Wa mjini kilokalori 891 tu. Tarakimu hizo tatu zinafafanua tofauti ya ndugu wawili wa Ruanda kuliko maneno mengi. Mkubwa angali na jembe. Mdogo amebadili chakula na kuacha mwendo kwa wakati mmoja.

Mlimani na ziwani

Ushahidi ulio karibu zaidi na Songwe unatoka katika nyanda hizo hizo za kusini, sehemu za Lugalawa, wilaya ya Ludewa, ambayo sasa imo katika mkoa wa Njombe. Mwaka 1996 Paolo Pauletto na wenzake kutoka Italia walichapisha ulinganisho wa makundi mawili ya wanavijiji walioishi maisha yanayofanana, isipokuwa chakula. Watu 618 waliishi kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku. Watu 645 waliishi milimani na kula vyakula vya mimea.

Wala samaki walikuwa na wastani wa lehemu milimoli 3.5 kwa lita moja ya damu. Watu wa milimani 4.1. Trigliseridi zilikuwa 0.9 kwa 1.3. Kipimo cha tatu kilihusu lipoprotini ndogo-a, ambayo ni LDL iliyofungiwa protini ya ziada na ambayo kiasi chake hurithiwa zaidi kuliko kupatikana kwa chakula. Hata hiyo ilikuwa ndogo zaidi kwa watu wa ziwani. Inajulikana kwamba watu wenye asili ya Afrika huwa nayo nyingi kuliko watu wa Ulaya.

Kwa kawaida lehemu yote iliyo chini ya milimoli 5 kwa lita huhesabiwa kuwa nzuri. Kwa hiyo makundi yote mawili yalikuwa salama kwa upande huo. Lakini kipimo kingine kilitoa habari tofauti. Asilimia 16.4 ya watu wa milimani walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na wala samaki asilimia 2.8 tu. Lehemu ndogo, basi, si hati ya usalama. Mtu anaweza kuwa na damu isiyo na mafuta mengi na bado akapata kiharusi kwa sababu ya shinikizo ambalo halikupimwa.

Uchunguzi wa namna hii huwatazama watu kwa wakati mmoja tu, kwa hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba samaki ndio sababu. Unaonyesha, hata hivyo, kwamba usipa na samaki wengine wa Ziwa Nyasa wanastahili heshima zaidi mezani kuliko wanayopewa na wale wanaodhani kwamba maendeleo ni nyama ya kukaanga.

Kahawa ya Mbozi na mafuta ya kupikia

Mkulima wa Mbozi anaijua kahawa kama zao la fedha. Wachache wanajua kwamba mbuni una sura yake katika habari za lehemu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Norway waliona kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa katika mji wa Tromsø walikuwa na lehemu nyingi. Baadaye ilibainika kwamba chanzo si kafeini. Punje ya kahawa ina mafuta yenye kitu kiitwacho kafestoli, nacho hupandisha LDL. Kahawa ikichemshwa na unga wake ndani ya birika, kafestoli huingia kikombeni. Ikichujwa kwa karatasi, karibu yote hubaki katika karatasi. Kahawa ya unga unaoyeyuka nayo ina kafestoli kidogo sana. Kikombe kimoja au viwili vya kahawa ya birika si jambo la kutisha. Vikombe vingi kila siku kwa miaka mingi ni jambo la kufikiriwa.

Mafuta ya kupikia yana uzito zaidi. Takriban nusu ya mafuta ya mawese, yanayokamuliwa hata Kyela jirani, ni ya aina iliyoshiba, ambayo hupunguza kazi ya vipokezi vya ini. Mafuta ya alizeti yana sehemu iliyoshiba inayokaribia moja ya kumi tu. Parachichi, linalostawi katika nyanda za kusini, lina mafuta mengi lakini kwa sehemu kubwa si yaliyoshiba. Maharage na mboga zina nyuzinyuzi zinazofunga nyongo tumboni na kulilazimisha ini kutumia lehemu kutengeneza nyongo mpya. Sahani ya zamani ya Ruanda, iliyoonekana kuwa ya kimaskini, ilikuwa na hekima ambayo maabara imekuja kuieleza baadaye.

Hesabu ya miaka

Kwa nini kijana wa miaka 22 ajishughulishe na jambo ambalo madhara yake yako miaka 30 mbele? Jibu lenye nguvu kuliko yote lilitoka kwa watu waliozaliwa na lehemu ndogo. Mwaka 2006 Jonathan Cohen, Helen Hobbs na wenzao nchini Marekani walitoa habari za Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Asilimia 2.6 kati yao walirithi kasoro katika jeni iitwayo PCSK9. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoharibu vipokezi vya LDL. Ikiwa na kasoro, vipokezi huongezeka na damu husafika. LDL ya watu hao ilikuwa ndogo kwa asilimia 28, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulipungua kwa asilimia 88. Kasoro ya jamii hiyo hiyo imeonekana pia Zimbabwe.

Linganisha na mtu anayeanza kumeza dawa za kushusha lehemu akiwa na umri mkubwa. LDL ikishuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari yake hupungua kwa takriban moja ya tano katika miaka mitano hivi. Hiyo ni faida kubwa, lakini haifikii ile ya aliyeishi na LDL ndogo tangu kuzaliwa. Sababu ni kwamba ateri huweka hesabu ya miaka yote. Madhara hulingana na kiasi cha LDL kikizidishwa kwa muda. Anayeanza kujihadhari akiwa na miaka 20 hulizuia deni lisikue. Anayeanza akiwa na 55 hulipa deni lililokwisha kukua.

Nani apimwe?

Si kila kijana mwenye afya anahitaji kukimbilia maabara. Kipimo cha kwanza, tena cha bei ndogo, ni cha shinikizo la damu. Kijana apimwe lehemu ikiwa mzazi au ndugu yake alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo mapema, ikiwa ana kisukari au shinikizo kubwa la damu, ikiwa ni mnene kupita kiasi, au ikiwa ana vinundu vya mafuta kwenye kano za vidole au za kisigino. Takriban mtu 1 kati ya 300 duniani huzaliwa na kasoro inayopandisha LDL tangu utotoni; kwa mtu huyo lishe peke yake haitoshi, na dawa huokoa maisha.

Ni vema pia kukumbuka kwamba maradhi mengine ya moyo ya vijana hayaonekani katika kipimo cha lehemu. Homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizo ya koo utotoni, huharibu vali za moyo za watoto na vijana wengi wa Afrika. Kijana anayetweta bila sababu au kuvimba miguu apelekwe hospitali, hata kama lehemu yake ni ndogo. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, inayotibu maradhi ambayo zamani yalimlazimu mgonjwa kusafiri ng'ambo. Lakini hakuna taasisi inayoweza kutibu taifa zima lililojizoesha ugonjwa.

Zoezi la darasani

Mwalimu wa hesabu au wa bayolojia anaweza kutumia kanuni iliyotolewa na William Friedewald na wenzake mwaka 1972. Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, LDL ni lehemu yote, kutoa HDL, kutoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Kanuni hii haifai trigliseridi zikizidi 4.5.

Wale ndugu wawili wa kufikirika na wapewe tarakimu. Mkubwa ana lehemu 3.6, HDL 1.2 na trigliseridi 0.9. Sehemu ya tatu ni 0.9 ikigawanywa kwa 2.2, yaani 0.4, LDL yake ni 2.0. Mdogo ana lehemu 5.6, HDL 0.9 na trigliseridi 2.2. Sehemu ya tatu ni 1.0, LDL yake ni 3.7. Kwa mtu asiye na hatari nyingine, LDL iliyo chini ya 3.0 ndiyo inayotakiwa. Wanafunzi na wakokotoe tena bila kanuni, kwa kutoa HDL peke yake kutoka katika lehemu yote: watapata 2.4 na 4.7, ambazo ni kadirio la mafuta yote yenye kudhuru. Kisha na waulizane: tofauti hiyo ikidumu kwa miaka 30, itakuwa imeandika nini katika ateri za kila mmoja?

Mdogo hana haja ya kurudi Ruanda ili aokoke. Aweza kutembea badala ya kupanda pikipiki kwa kila safari fupi, kurudisha maharage na mboga katika sahani yake, kubadilisha soda na maji, kuacha sigara, na kupima shinikizo la damu. Mambo hayo hayahitaji daktari wala fedha nyingi. Yanahitaji ajue kwamba moyo wake, unaopiga bila kulalamika hata mara moja, umekwisha kuanza kuhesabu. Udongo ungali mbichi. Na wahenga walikwisha sema, udongo uwahi ungali maji.